Kanda la Usufi

Kazi ya kusahihisha tafsiri za wanafunzi haina sifa kubwa duniani. Mtu huketi na kalamu nyekundu, hupiga mstari chini ya neno hili, huweka alama ya kuuliza pembeni mwa neno lile, na jioni hufunga madaftari akiwa hana hakika kama amefundisha au ameharibu. Katika kazi ya namna hiyo nilikutana na maneno matatu yaliyoniondolea usingizi. Naomba ruhusa ya msomaji niyaeleze, ijapokuwa hayakuwa maneno magumu hata kidogo.

Mwanafunzi alikuwa amepewa kurasa chache za Mkataba wa Dunia kuhusu Wakimbizi, ule uliokubaliwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 17 Desemba 2018. Mataifa 181 yaliukubali. Mawili, Marekani na Hungaria, yaliukataa. Mahali ambapo Kiingereza kinasema kwamba mataifa yashirikiane katika mzigo na wajibu, kijana wangu aliandika: kugawana mzigo wa wakimbizi. Nilitia alama ya vema nikaendelea. Nilipofika ukurasa wa nne nilirudi nyuma, nikayatazama maneno yale tena kama mtu aliyepita mlangoni pa nyumba aliyoishi zamani asiitambue.

Mzigo wa wakimbizi. Kila aliyefundisha sarufi ajua kwamba kiunganishi chetu cha -a kina tabia ya kinyonga. Tukisema mzigo wa mahindi, maana yake ni kwamba ukiufungua utakuta mahindi ndani. Tukisema mzigo wa mama, hatutazamii kumkuta mama ndani ya gunia. Mama ndiye mwenye mzigo. Basi mzigo wa wakimbizi ni upi kati ya hii miwili? Je, wakimbizi ndio wamefungwa ndani ya gunia, na mataifa yanabishana nani alibebe? Au wakimbizi ndio wenye gunia, nao wamechoka, na wanatafuta mtu wa kuwapokea? Lugha inaruhusu yote mawili. Nikaona kwamba mimi, pamoja na shahada zangu, nilikuwa nimelitia alama ya vema swali ambalo halijajibiwa.

Nina sababu yangu ya kusumbuka na jambo hili. Nilizaliwa na kulelewa wilayani Ngara, katika pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi, na katika mwaka wa 1994 nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nyumba yetu ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara inayoteremka kwenye daraja la Rusumo, pale mto Kagera unapoanguka. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, katika muda unaokaribia siku moja, watu wapatao robo milioni walivuka daraja lile kutoka Rwanda. Walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya yetu yote. Msomaji aliyezoea mjini labda atadhani umati huo ulikuja na kelele. Mimi nakumbuka kimya. Nakumbuka mchakato wa nyayo katika matope ya masika, na vyombo vya bati vikigongana, na watoto wasiolia.

Wengi walielekezwa mahali palipoitwa Benaco, jina lililoachwa na kampuni iliyojenga barabara, na katika siku chache palikuwa na kambi iliyohesabiwa miongoni mwa kambi kubwa kabisa duniani. Lakini si wote waliofika huko siku ile. Jioni waliingia uani mwetu watu watatu: fundi wa nguo, mkewe, na mtoto wao wa kiume wa rika langu. Mtoto alikuwa na kitu kizito kichwani, kimefungwa katika shuka. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, naye alikuwa na desturi ya kusema nasi Kihangaza siku zote ila anapotoa amri. Amri zake zilikuja kwa Kiswahili. Aliniambia neno moja: Mpokee.

Nilimpokea. Kilikuwa kichwa cha cherehani, bila meza wala miguu, chuma kitupu. Nusura kinivunje shingo. Baadaye yule mtoto alinieleza, kwa lugha yake ambayo haiko mbali na yetu, kwamba walikuwa wamepokezana chuma kile njia nzima tangu kilima chao: baba mpaka achoke, kisha mama, kisha yeye, kisha baba tena. Vitu vingine walivitupa. Hicho hawakukitupa kwa kuwa ndicho kilichowalisha.

Leo, nikiwa mtu mzima mwenye kazi ya kupima maneno, nastaajabia neno lile la baba. Kiswahili hutumia kupokea kwa mgeni na kwa mzigo. Humpokea mgeni mlangoni, na humpokea mtu mzigo wake njiani, na katika nyumba za adabu mambo hayo mawili hufanyika kwa tendo moja: mikono inayomkaribisha mgeni ndiyo inayoutwaa mzigo wake. Hakuna asemaye kwamba mgeni ndiye mzigo. Mzigo ni wake, naye ameubeba kutoka mbali, na sisi twampunguzia kwa kitambo.

Nisifanye hadithi hii kuwa tamu kuliko ilivyokuwa. Katika umati ule uliovuka Rusumo walikuwamo wauaji. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalikuwa yakiendelea ng'ambo ya mto, na miili ilikuwa ikiteremka na maji ya Kagera. Watu wa Ngara waliiona. Wengi wa wale waliovuka walikuwa Wahutu waliokimbia jeshi lililokuwa likisonga mbele, na miongoni mwao walikuwa wakulima wasio na hatia, watoto wa kunyonya, na pia watu wenye damu mikononi, baadhi yao wakiwa viongozi walioingia kambini wakaendelea kuwa viongozi. Kuwatenga hawa na wale ilikuwa kazi ya mataifa, maana kijiji hakina gereza wala mahakama ya kazi hiyo, nayo kambini haikufanywa. Baba hakumwuliza fundi alichofanya mwezi ule wa Aprili. Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza kwa nini. Alisema kwamba alikuwa na chumba kimoja cha akiba na usiku mmoja mbele yake, na swali lile lilihitaji zaidi ya hivyo.

Baada ya siku tatu fundi na jamaa zake walikwenda kambini. Akawa akishona sokoni kule, na mtoto wake akawa rafiki yangu kwa muda wa miaka miwili na nusu.

Katika miaka hiyo niliona jinsi ukarimu unavyochakaa. Miti ya vilima vyetu ilikwenda ikawa kuni. Mbuzi walipotea. Ndizi zilikatwa usiku. Upande mwingine kulikuwa na soko ambalo Ngara haikupata kuliona, na kazi, na magari, na watu waliojenga nyumba za bati kwa faida waliyoipata. Mimi mwenyewe, ni aibu kusema, niliuza maji ya kunywa kwa watu waliopanga foleni barabarani, nikanunua kwa fedha hizo viatu vyangu vya kwanza vya ngozi. Baba alipojua alinifanya nivivae kila siku, hata shambani, mpaka vikaisha. Hakunipiga. Ingekuwa nafuu.

Katika mkutano wa kijiji wa mwaka 1996, baba yule yule aliyesema mpokee alisimama akasema waende. Niliyasikia mwenyewe. Mwezi Desemba mwaka ule Serikali pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwaka kwisha. Wengi waliogopa, wakatoka kambini wakielekea ndani ya nchi badala ya kuelekea mpakani, na askari wakawageuza. Karibu watu nusu milioni walirudi kwa njia ile ile waliyojia, na mara hii pia nilisikia nyayo katika matope.

Nilimchukia baba kwa neno lake kwa muda mrefu. Nilipokuwa chuoni, nikiwa na ujasiri wa kijana aliyesoma vitabu viwili, nilimwambia hivyo. Alijibu polepole. Alisema: Niliupokea mzigo ule kwa kuwa nilidhani nyuma yangu yupo mtu mwingine anayekuja kunipokea mimi. Nilitazama nyuma miaka miwili. Hakuwapo mtu.

Tangu siku ile nimesoma mikataba ya mataifa nikiitafutia mtu huyo. Yuko kila mahali kwa maandishi. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969 ni waraka ambao Afrika ina haki ya kujivunia. Mkataba wa dunia wa mwaka 1951 ulimtazama zaidi mtu anayewindwa kwa dini yake, kabila lake au siasa yake. Ule wa Addis Ababa ulimwongeza yeyote aliyefukuzwa na vita, au na machafuko makubwa ya utulivu wa nchi. Kwa kipimo hicho mke wa fundi hakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyemtaka yeye hasa, vita vilitosha. Tena mkataba huo unasema kwamba nchi ikilemewa na wakimbizi yaweza kuwaita wenzake, nao, kwa moyo wa umoja wa Afrika, wachukue hatua za kumpunguzia mzigo. Maneno mazuri. Lakini haisemwi nani aitike kwanza, wala kwa kiasi gani, wala itakuwaje wote wakinyamaza. Ni mwito usio na majina. Mhenga aliyesema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi aliwajua watu, na naona aliyajua mataifa pia: ukiwa juu ya kichwa cha jirani, hata chuma huonekana laini na chepesi.

Tazama hesabu zilivyo. Mwishoni mwa mwaka 2024 watu zaidi ya milioni 123 walikuwa wameondolewa makwao kwa nguvu, walio wengi ndani ya nchi zao wenyewe. Kati ya waliovuka mipaka, thuluthi mbili hivi walikuwa katika nchi jirani na kwao, na karibu robo tatu katika nchi zenye kipato cha chini au cha kati. Uganda peke yake ilikuwa na zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa hiyo utaratibu wa dunia upo, nao unafanya kazi kila siku bila katibu wala makao makuu. Sheria yake ni moja: aliye karibu hubeba. Jiografia ndiyo inayotoa hukumu, na mikutano huja baadaye kuisifu nchi iliyohukumiwa kwa ukarimu wake.

Je, yawezekana mambo yawe vinginevyo? Watu wenye busara wananiambia hapana. Kwamba taifa ni taifa, na halina bega la kumwazima mwingine. Ningekubali, kama nisingepata kufika Tengeru.

Tengeru iko karibu na Arusha, chini ya mlima Meru. Pana makaburi pale, zaidi ya mia moja, yenye majina ya Kipolandi. Nilipelekwa na mwenzangu wa kazi, nikadhani tunakwenda kuona makaburi ya walowezi. Sivyo. Katika miaka ya 1940 na 1941 Urusi ya Kisovieti iliwahamisha Wapolandi kwa malaki hadi Siberia na Kazakistani. Mwaka 1942 baadhi yao waliruhusiwa kutoka, wakavuka hadi Iran, wakiwamo wanawake na watoto wengi, wamekonda na wanaugua. Iran haikuweza kuwaweka wote. Basi wakatawanywa kwa mapatano: wengine Uhindi, wengine Meksiko, watoto mia saba na kitu Nyuzilandi, na maelfu katika makoloni ya Uingereza ya Afrika. Uganda walikaa Masindi na Koja. Tengeru palikuwa na watu wapatao elfu tano, wakalima, wakafungua shule na kanisa. Vita vilipokwisha wengi hawakutaka kurudi Polandi ya utawala mpya. Hapo mashirika ya kimataifa yakashika zamu, na watu wakachukuliwa kidogo kidogo kwenda Uingereza, Kanada na Australia, mpaka kambi ikafungwa. Waliobaki ni wale wa makaburini.

Nilisimama pale nikihesabu nchi kwa vidole. Mtoto mmoja wa Kipolandi aweza kuwa alipita katika mikono ya nchi nne au tano kabla hajapata mahali pa kuita kwao, na kila nchi ilimwachia nyingine pasipo kumwangusha. Sisahau kwamba wenyeji wa Meru hawakuulizwa kama wanataka wageni. Ilikuwa amri ya kikoloni. Wala sisahau kwamba waliobebwa hivi walikuwa weupe, na kwamba waliokuwa wakiwabeba walikuwa na sababu za vita. Lakini jambo lilifanyika. Likafanyika tena mwaka 1956, Wahungaria wapatao 200,000 walipokimbilia Austria na Yugoslavia baada ya vifaru vya Kisovieti kuingia Budapest. Austria ilikuwa nchi ndogo iliyotoka kwenye ukaliwaji mwaka mmoja tu uliopita. Ilifungua mlango, na ikaita. Katika miezi michache makumi ya maelfu walikuwa wamekwisha chukuliwa, na mwishowe nchi 37 zilishiriki. Mwaustria aliyesimama mpakani alipotazama nyuma yake, alimwona mtu.

Ndiyo maana moyo wangu uliuma nilipopitia majina ya waliopiga kura katika mwaka 2018. Hungaria ilikataa mkataba wa wakimbizi. Siku mbili baadaye, mkataba wa pili, ule wa uhamaji uliopatanwa Marrakesh, ulipata kura 152 za kuukubali na 5 za kuukataa. Miongoni mwa hizo tano zilikuwamo za Hungaria na Polandi. Serikali hubadilika, na makaburi ya Tengeru hayana kura. Tena haki itendeke: mwaka 2022, vita vilipowakimbiza watu wa Ukraini, Polandi iliwapa hifadhi zaidi ya milioni moja, na Umoja wa Ulaya ukatumia kwa mara ya kwanza sheria ya hifadhi ya muda iliyolala kabatini tangu mwaka 2001. Watu wakapata kibali cha kukaa, kazi na shule bila kuhojiwa mmoja mmoja. Kumbe kalamu ilikuwapo, na wino ulikuwapo.

Miaka saba kabla ya hapo Ulaya ile ile ilijaribu njia ya kugawana. Mwaka 2015 iliazimia kuwatoa watu 160,000 Ugiriki na Italia na kuwagawa kwa mataifa mengine kwa hesabu ya wingi wa watu na mali. Waliohamishwa hawakuzidi elfu thelathini na tano au karibu na hapo. Waliokataa walipelekwa mahakamani, na mwaka 2020 mahakama ikasema Polandi, Hungaria na Cheki zimevunja sheria, baada ya muda wa mpango kwisha zamani. Mapatano mapya ya mwaka 2024 yanairuhusu nchi ichague: ipokee watu, au itoe fedha kwa kila mtu isiyempokea, au isaidie kwa njia nyingine. Sitaki kuyabeza, huenda fedha zikafika mahali. Lakini ukishaanza kugawana, kila mmoja hushika mizani, na macho yote hutazama fungu la mwenzake kama ni kubwa au dogo. Nyama hugawanwa. Urithi hugawanwa, na ndugu hawasemezani.

Wala nchi yetu haina mikono mitupu katika jambo hili. Tanzania iliwapa uraia Warundi wapatao 162,000 wa mwaka 1972, waliokuwa wamelima Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa miaka karibu arobaini. Ni tendo ambalo mataifa tajiri hayana la kulilinganisha nalo. Nchi hiyo hiyo ilifunga mpaka wake na Burundi mwaka 1995, na mwezi Januari 2018 ikajitoa katika mpango wa majaribio uliokuwa ukiandaa mkataba mpya, ikitaja usalama na ukosefu wa fedha. Niliposoma habari hiyo nilimsikia baba katika mkutano wa kijiji. Sikuona tena kwamba neno waende ni kinyume cha neno mpokee. Mtu yule yule huyasema yote mawili, na kinachopita katikati ni muda wa kutazama nyuma.

Kuna watu ambao hata gunia la wakimbizi haliwatoshi kuingia. Katika mwezi wa Juni 2012, katika mkoa wa Dodoma, zilipatikana maiti zaidi ya arobaini za vijana wa Kihabeshi waliokosa hewa ndani ya lori. Walikuwa wakielekea kusini kutafuta maisha, kama wengi waendavyo Afrika ya Kusini kwa njia ile. Lori la namna hiyo hupita Kenya, hupita Tanzania, huingia Malawi au Msumbiji, na kila nchi ina kipande chake cha barabara, na sheria yake, na askari wake. Barabara nzima haina mwenyewe. Vijana hao hawakuwa wakimbizi kwa mujibu wa karatasi, na mataifa yalipoandika mikataba yao miwili ya mwaka 2018 yaliwatia katika ule wa pili, ambao wenyewe unatamka kwamba haumfungi mtu kisheria. Kiswahili cha bandarini kina neno lake kwa vijana wetu wanaojificha melini: wazamiaji. Nimelitafakari mara nyingi. Mtu azamiaye hutarajiwa kuibuka, na anayemngojea juu ya maji hajulikani ni nani.

Basi usiku ule nilirudi kwenye daftari la mwanafunzi. Nilifuta alama ya vema. Pembeni nikaandika: Mzigo ni wa nani? Na juu ya neno kugawana nikaandika kupokezana.

Kesho yake kijana alikuja ofisini, amekasirika kwa adabu. Nikamweleza habari za -a unganifu, akakubali. Nikamweleza kwamba anayegawiwa huondoka na fungu lake akafunga mlango, lakini wanaopokezana lazima waende njia moja, na asiyebeba sasa lazima atembee karibu na anayebeba, amtazame bega, ajue zamu yake itakuwa lini. Nikamwambia habari za machela, jinsi wanaume wa vijiji vyetu wanavyompeleka mgonjwa hospitali mwendo wa saa nne, wanne chini ya machela na wanane pembeni, bila mtu kuandika orodha. Nikamwambia hata habari za cherehani. Nilisema mengi, kama wasemavyo walimu.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: Lakini Daktari, Kiingereza hakisemi zamu. Hakuna mahali kinaposema zamu.

Nikalitazama tena lile andiko la Kiingereza, mstari kwa mstari, na kweli halikusema. Linasema kushirikiana, na linasema kwa hiari, na linataja jukwaa la mataifa litakalokutana kila baada ya miaka minne ili kila mmoja atangaze atakachotoa. Bega la mtu aliyechoka halihesabu kwa miaka minne. Lakini mfasiri hana idhini ya kuwapa mataifa ahadi ambayo hayakuitoa. Nikamrudishia alama yake ya vema, na kugawana kwake kukabaki.

Ile cherehani ingali kwetu. Asubuhi ya siku ile ya Desemba fundi alikuja nayo uani, amri imekwisha tolewa, mkewe amebeba mtoto mchanga aliyezaliwa kambini. Alisema safari hii hawataweza kupokezana, kwa maana mikono imepungua. Akaiweka mbele ya mama yangu kuwa amana, mpaka atakapoifuata au kumtuma mtu. Mimi na rafiki yangu tulipeana mikono kama watu wazima. Sikupata habari zake tena. Baba alikufa akiwa na neno hilo moyoni, hakulizungumza. Mama hajapata kushona nguo hata moja kwa chuma kile, wala hakumruhusu mtu ashone. Huifungua shuka mara moja katika miezi kadhaa, hukizungusha kigurudumu kwa mkono, hukipaka, hukifunga tena. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani nilimkuta ananingoja na chupa tupu, akanituma dukani nikamletee mafuta ya cherehani.